Uzoefu Wangu na Lighthouse: Alama Zilipanda, Fomu Ikabaki Ngumu

Nimeitumia Lighthouse kwa miezi minne kurekebisha tovuti ninayoisimamia, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenye tovuti ndogo anayejiuliza kama chombo hicho kinatosha kumwonyesha mahali watumiaji wake wanapokwama. Tovuti yangu hufundisha ushonaji kwa video na maandishi. Mgeni anaweza kusoma masomo mawili ya mwanzo bila kujisajili, kisha hutakiwa kufungua akaunti, na hapo ndipo wengi walipokuwa wakiondoka.

Lighthouse ni programu huria ya Google ambayo tayari imo ndani ya kivinjari cha Chrome, kwenye zana za wasanidi, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha wala cha kulipia. Huupima ukurasa kana kwamba umefunguliwa kwa simu isiyo na nguvu nyingi kwenye mtandao wa polepole, kisha hutoa alama kati ya 0 na 100 kwa mambo kadhaa, yakiwemo kasi na ufikivu, yaani urahisi wa ukurasa kutumiwa na kila mtu, hata mwenye ulemavu. Alama kuanzia 90 huwa za kijani, 50 hadi 89 za rangi ya chungwa, na zilizo chini ya hapo nyekundu. Ukurasa wangu wa mwanzo ulipata 38 kwa kasi. Nilishtuka, kwa kuwa kwenye kompyuta yangu ulifunguka papo hapo, na sikuwa nimewahi kuujaribu kwa simu dhaifu.

Kipimo kilichonifaa kuliko vyote ni kile kiitwacho LCP, yaani muda unaopita hadi kitu kikubwa zaidi katika sehemu inayoonekana kitokee kwenye skrini. Google inapendekeza muda huo usizidi sekunde 2.5, na wangu ulipita sekunde 7. Ripoti haikuishia kwenye kulalamika, bali ilinitajia kitu chenyewe: picha ya cherehani iliyo juu ya ukurasa, niliyoipandisha kama ilivyotoka kwenye kamera, ikiwa na zaidi ya megabaiti 3. Niliipunguza upana, nikaigeuza kuwa ya WebP, muundo wa picha nyepesi kwa tovuti, na ikashuka chini ya kilobaiti 200. Tena nilikuwa nimeziwekea picha zote agizo la kutopakiwa mpaka msomaji azikaribie, jambo linalofaa kwa picha za chini ya ukurasa, lakini kwa ile ya kwanza lilikifanya kivinjari kichelewe kuileta ilhali msomaji ameshaikodolea macho. Niliondoa agizo hilo kwa picha hiyo moja tu, na tofauti ikaonekana kwa macho.

Jambo jingine ambalo nisingeligundua peke yangu ni kuruka kwa ukurasa. Picha zangu hazikutajiwa upana na urefu, hivyo maandishi yalitangulia, picha ilipofika ikayasukuma chini, na mtu aliyekusudia kugusa kitufe cha kujisajili akajikuta amegusa kiungo kingine. Kipimo chake ni CLS, na kinachopendekezwa ni kisichozidi 0.1. Kutaja vipimo vya kila picha kulichukua jioni moja, na sijawahi kuliona tatizo hilo tena.

Upande wa ufikivu, ripoti ilinionya kuhusu maandishi ya kijivu niliyoyapenda kwa kuwa yalionekana ya upole. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kijivu changu juu ya nyeupe hakikufika hata 3 kwa 1. Mtu anayesoma juani, au ambaye macho yake yameanza kuchoka, alikuwa akiyabahatisha maneno. Niliyatia weusi zaidi bila kusita.

Baada ya wiki tatu alama ya kasi ilifika 94 na ya ufikivu 100, nikaamini kazi imekwisha. Kasi kweli ilisaidia, kwa maana watu zaidi walisoma somo la pili hadi mwisho. Hata hivyo, waliofungua akaunti hawakuongezeka kwa kiasi cha kutajika, na hapo nililazimika kufikiri upya kuhusu kile ambacho alama zile zinakisema.

Chombo hiki hupima kinachoweza kupimwa na mashine. Hujua kwamba picha ina maelezo kwa ajili ya wasioona, lakini hakiwezi kujua kama maelezo hayo yana maana; mimi niliandika neno "picha" kwenye michoro yote ya mishono, na nikapata alama kamili. Niliposikiliza ukurasa wangu kwa NVDA, kisoma skrini kinachopatikana bure na kuwasomea wasioona kwa sauti, nilisikia neno hilo likirudiwa mara tisa mfululizo bila kunifunza chochote kuhusu mshono wowote. Ripoti yenyewe huorodhesha mambo ya kukaguliwa na binadamu, nami nilikuwa nimeyaruka kwa haraka ya kuitafuta kijani.

Kilichofuata ni kuwaomba watu watano, mmoja mmoja, wafungue akaunti kwa simu zao huku mimi nimekaa kando bila kusema neno. Idadi hiyo niliichukua kwa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, ambaye mwaka 2000 alieleza kwamba majaribio madogo ya watumiaji watano, yakirudiwa baada ya kila marekebisho, hufichua matatizo mengi kuliko jaribio moja kubwa. Kukaa kimya ndiko kulikonitesa zaidi, kwani mkono ulitaka kunyooka na kuonyesha.

Wa kwanza aliandika namba ya simu kwa kuacha nafasi kati ya tarakimu, kama watu wanavyoandika siku zote, na fomu ikaikataa. Ujumbe wa kosa ulitokea juu kabisa ya ukurasa, mahali asipoweza kupaona, akabofya kitufe mara nne na kuniambia kuwa simu yake imeharibika. Wa pili alitunga nenosiri, akakataliwa, akatunga jingine, akakataliwa tena, kwa sababu masharti yake yalitokea moja moja baada ya kutuma. Wa tatu, mama wa makamo anayeshona vizuri kuliko mimi, alisita kwenye kitufe kilichoandikwa "Wasilisha" akaniuliza anawasilisha nini na kwa nani. Kufikia wa nne nilikuwa nimeshajua la kufanya, lakini niliwaacha wote wamalize.

Sasa fomu inapokea namba kwa namna yoyote na kuondoa nafasi yenyewe. Masharti ya nenosiri yanasomeka kabla ya kuanza kuandika, kosa linaelezwa chini ya sehemu ile ile iliyokosewa, na kitufe kinasema "Fungua akaunti". Hakuna hata moja kati ya hayo lililopandisha alama za Lighthouse, na yote kwa pamoja ndiyo yaliyowafanya watu waanze kumaliza kujisajili.

Kwa hiyo ninaipendekeza Lighthouse kwa moyo mmoja, ila si kwa mpangilio nilioufuata mimi. Ningeanza kwa kuwatazama watu, kisha ningeitumia kurekebisha uzito wa kurasa na rangi. Anayeitumia afungue dirisha la faragha ili viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, visipotoshe matokeo, na apime mara kadhaa, kwa kuwa alama hupanda na kushuka hata pasipo kubadilishwa kitu. Afahamu pia kwamba kipimo cha wepesi wa ukurasa kuitikia mguso, INP, hutokana na watumiaji halisi, kwa hiyo ripoti ya kawaida hutegemea makadirio ya aina nyingine.

Yule mama nilimwomba arudi baada ya marekebisho. Alifungua akaunti bila kuniuliza lolote, akatazama somo la kola hadi katikati, akafunga simu. Kesho yake alinipigia kuuliza somo aliloliacha njiani atalipata wapi, na kweli hakuna ukurasa unaomwonyesha. Huo ndio ninaoutengeneza wiki hii.