Ballistol kwa bunduki nzima, grisi kwa meno ya bolti

Bunduki yangu ni ya kukoki kwa mkono, na kitako chake ni cha mbao. Kitako hicho ndicho kilichonisukuma kwenye Ballistol. Mafuta haya yalianza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya jeshi, lililotaka kitu kimoja cha kupaka chuma, mbao na ngozi. Tambara likipitiliza kutoka kwenye mtutu likagusa mbao, sina wasiwasi.

Yakikutana na maji hugeuka meupe na kuchanganyika nayo, kwa hiyo unyevu uliobaki kwenye kona haukai peke yake ukitafuna chuma. Harufu yake ni ya aina yake. Mimi nimeizoea, wa nyumbani bado.

Watu huniuliza mbona nisitumie WD-40 tu. Ile ilibuniwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, na bunduki ikinyeshewa naitumia kwa kazi hiyohiyo. Halafu naifuta na kupaka mafuta ya kukaa.

Kabla ya yote natoa magazini, nafungua bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), naangalia chemba, yaani pale risasi inapokaa, kwa macho kisha napitisha kidole. Risasi haziwekwi kwenye meza ya mafuta, kwani mafuta yakipenya hadi kwenye fataki ya risasi yanaweza kuiua.

Sasa meno ya bolti, vile vichomozo vinavyoikaza ikifungwa, na hapa Ballistol naiweka pembeni. Bunduki ikilia, meno yale ndiyo yanayobeba msukumo wote unaorudi nyuma, na ukiinua mkono wa bolti chuma husuguana na chuma kwa nguvu. Mafuta mepesi hukimbia pale, grisi hukaa. Naweka kiasi cha punje ya mchele nyuma ya kila jino, upande ule unaogusa chuma, kisha nafunga na kufungua bolti mara kadhaa ikiwa tupu. Nikiitoa naona utepe mwembamba wa grisi umesukumwa hadi ukingoni. Utepe huo nafuta, maana ndio unaokusanya mchanga, na mchanga ukishachanganyika na grisi unakuwa msasa. Penye vumbi jingi napunguza zaidi, na penye baridi kali nachagua grisi isiyoganda.

Chemba naiacha kavu kabisa, na kwa hili sibishani na mtu. Risasi ikifyatuka, ganda hutanuka na kushika ukuta wa chemba kwa kitambo kidogo. Ukuta ukiwa na mafuta ganda halishiki vizuri, linasukumwa nyuma, na bolti inabebeshwa mzigo usio wake. Ndani ya mtutu ni hivyohivyo: wakati wa kuhifadhi napitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, lakini kabla ya kulenga shabaha napitisha kikavu mpaka kitoke bila doa. Mtutu wenye mafuta hupeleka risasi ya kwanza pembeni, halafu mtu anailaumu darubini bure.

Malalamiko yangu makubwa ni kwa makopo ya kupuliza. Niliwahi kununua la kampuni nyingine, jina nalihifadhi. Ukibonyeza kidogo linatema mengi, na mengi hayo huishia kwenye kifyatulio, mahali ambapo mafuta hayatakiwi ila tone dogo, tena kama mtengenezaji wa bunduki ameruhusu. Yakikaa huko hunasa vumbi, huwa mazito, na kifyatulio kinaanza kuvuta vibaya. Ballistol nanunua ya chupa, natia matone kwenye tambara, na tambara ndilo linalopaka. Nikimaliza, usiku wa kwanza bunduki inalala mdomo chini juu ya kitambaa, ili mafuta ya ziada yatiririkie huko badala ya kushukia kwenye kifyatulio.