Uzoefu wangu: jinsi simu ya mezani ya mama mkwe na intaneti vilivyoshuka kutoka pauni 64 hadi 37 kwa mwezi

Bili ya Machi 2025 niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, kikombe cha chai mkononi. Pauni 64 na peni 18. Hiyo ni simu ya mezani na intaneti peke yake, hakuna televisheni wala simu za mkononi humo. Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu hapa Leicester, Uingereza, na anayeshika hiyo simu ya mezani ni mtu mmoja tu, mama mkwe wangu.

Najua swali linalokuja: siku hizi nani bado ana simu ya mezani? Sisi tunayo, na haitoki. Namba ile ya 0116 dada yake mama aliyeko Cardiff anaijua kwa kichwa. Kule Tanga imeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa chumba cha kaka yake. Wapwa zake walioko Dubai ndiyo wanayoitumia, kwa sababu kule simu za WhatsApp zimezibwa miaka nenda rudi, ujumbe unapita lakini sauti haipiti. Kumwambia mama aiache namba ile ni sawa na kumwambia auze kiwanja cha marehemu.

Basi nikaketi na bili nikaisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka. Laini na intaneti pauni 41.50. Kifurushi cha simu pauni 9. Halafu pauni 13.68 za simu zilizopigwa nje ya kifurushi. Hizo za mwisho ndizo zilizonichoma. Kifurushi chetu kilikuwa cha jioni na wikiendi, na mwezi ule mama alimpigia dada yake mara mbili siku ya kazi, saa nne asubuhi, kila mara kama nusu saa. Mara mbili tu! Kuna peni za kuunganisha simu kabla hata hujasema hujambo, kuna bei ya kila dakika, na sekunde zinazobaki wanazikweza ziwe dakika nzima.

Na hata wikiendi, ile simu ya "bure" ni bure kwa dakika 60 za mwanzo. Dakika ya 61 ikianza, mita inaanza kuzunguka. Mama na dada yake hawajawahi kumalizana chini ya saa moja na nusu. Salamu peke yake zina robo saa. Mke wangu alishagundua dawa yake zamani. Mama akianza kuongea, anategesha saa ya oveni dakika 55. Ikilia, mama anasema, "Mdogo wangu, kata nikupigie," anaweka mkonga, anauinua tena, na dakika 60 zinaanza upya. Si wizi, ndivyo masharti yalivyo. Ila nyumba inayotumia oveni kupimia maongezi ujue ina tatizo.

Nilipochimba zaidi nikakuta aibu yangu mwenyewe. Mkataba wetu ulikwisha mwaka 2021. Tangu Februari 2020 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Uingereza, inazilazimisha kampuni kumwandikia mteja kati ya siku 10 na 40 kabla mkataba haujaisha, na kumweleza bei atakayolipa baadaye. Barua pepe yangu ilikuwepo, haijafunguliwa, nilidhani ni tangazo. Kuanzia hapo nikawa nalipa bei ya mtu asiye na mkataba, na kila masika inapanda. Mikataba ya wakati ule mingi ilifuata mfumuko wa bei ukiongeza asilimia 3.9, na mwaka 2023 wateja wengi walipandishiwa asilimia 14.4 kwa mkupuo. Mikataba mipya iliyoanza 17 Januari 2025 na kuendelea hairuhusiwi mchezo huo. Ongezeko lazima litajwe kwa pauni na peni tangu siku unayosaini. Linapanda bado, ila unalijua.

Nikapiga simu kwa kampuni ya zamani (sitaitaja) kubembeleza. Ukisema neno "naondoka" unapelekwa kwa watu wengine kabisa, wenye sauti za asali. Wakanipa pauni 49, simu za mchana ndani, mkataba wa miezi 24. Mke wangu akanikonyeza nikubali. Wengi hukubali hapo, na kwa mtu asiye na muda ni punguzo zuri tu. Mimi nikasita, maana ule waya wa shaba nilioambiwa niulipie kwa miaka miwili ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika. Mtandao wa zamani wa simu nchini hapa unazimwa mwisho wa Januari 2027; mwanzoni ilikuwa iwe Desemba 2025, wakasogeza mbele. Baada ya hapo simu zote za mezani zitapita kwenye intaneti, upende usipende. Nikawaza, kama ndivyo, kwa nini nisiipitishe mwenyewe sasa hivi, kwa kampuni ninayoitaka?

Hapo ndipo pesa ilipolala. Namba ya simu si mali ya ule waya. Unaweza kuitoa kwenye laini, ukaipeleka kwenye kampuni ya simu za intaneti ikakaa kule kwa pauni moja na nusu kwa mwezi, na intaneti ukainunua kwingine kabisa, tupu, bila simu.

Nilichonunua ni kisanduku cha Grandstream HT801, cha kuunganisha simu ya kawaida na intaneti. Kinaenea kiganjani. Kina tundu moja la kebo ya mtandao linalokwenda kwenye ruta, tundu moja la simu, na waya wa umeme kama wa simu ya mkononi. Basi. Nilikipata kwa pauni 38. Ndani yake unaandika jina la akaunti na nenosiri ulilopewa na kampuni ya simu, na simu yako ya kawaida, ileile yenye vitufe vikubwa, inadhani bado iko kwenye ukuta. Ukitaka kujua anwani yake kwenye mtandao wa nyumbani, unainua mkonga, unabonyeza nyota mara tatu, kinaongea, unabonyeza 02, kinakutajia. Nilikipenda kwa hilo tu.

Sasa hapa msome polepole, maana ukikosea utaratibu namba inaweza kupotea. Usiikate laini ya zamani kwanza. Narudia: usipige simu kusema "nafunga". Laini ikifungwa kabla namba haijahama, unaweza kuipoteza, na kuirudisha ni usumbufu mtupu. Mimi niliagiza kwanza faiba kamili, ile inayofika hadi ndani ya nyumba kwa kebo yake, kama huduma mpya. Tangu Septemba 2024 kuna utaratibu ambapo kampuni mpya yenyewe inazungumza na ya zamani na kukufungia kila kitu. Ni mzuri kwa wengine, lakini mimi niliwaambia wasimguse yule wa zamani. Fundi akaja, akavuta kebo kutoka kwenye nguzo, akatoboa tundu ukutani nyuma ya kochi, akafunga kisanduku cheupe, kwa muda wa saa mbili akawa kamaliza. Laini ya shaba ikabaki hai pembeni. Ndipo nikaiomba kampuni ya simu ya intaneti iihamishe namba, kwa pauni 20. Namba ilipohama, laini ya zamani ikajifunga yenyewe. Kama uko ndani ya mkataba bado, kuna faini, kwa hiyo tazama tarehe kwanza. Wangu ulikuwa umekufa miaka minne.

Niseme ukweli, kwa wiki tano nililipa kampuni mbili kwa pamoja, na ile ya zamani ikatoza mwezi mwingine mzima baada ya namba kuondoka. Walirudisha sehemu, nilipopiga mara ya tatu. Kwa jumla kama pauni 50 ziliyeyuka hapo.

Na sasa fedheha yenyewe. Siku ya kwanza nilijiona fundi. Plagi ya simu za Uingereza haiingii kwenye tundu la kisanduku, kwa hiyo nikatumia adapta ya peni kadhaa niliyoikuta kwenye droo. Nikapiga Cardiff, sauti safi kama mtu yuko chumba cha pili. Nikamkabidhi mama mkonga, nikaenda kazini kifua mbele.

Siku ya tatu narudi, mama yuko sebuleni, kanga mabegani, simu mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii simu haina roho."

"Kwa nini mama, si tulipiga juzi?"

"Kupiga inapiga. Haiiti. Siku tatu mtu hajanikumbuka? Hata Dubai?"

Walikuwa wanamkumbuka sana. Dada yake kule Cardiff alishaanza kuwauliza watu kama kuna mgonjwa. Simu ilikuwa inaingia lakini kengele hailii. Sababu nikaja kuielewa usiku ule: simu za hapa, hasa za zamani, hutegemea kapasita ndogo iliyo ndani ya soketi kuu ya ukutani ili kengele ilie. Ukiichomoa simu ukutani ukaitia kwenye kisanduku, ile kapasita umeiacha nyuma. Kosa si la kisanduku, ni la mkwe anayejifanya anajua. Dawa ni adapta yenye kapasita ndani yake. Nilinunua ya pauni 4. Ilipolia mara ya kwanza, mama aliitazama mpaka mlio wa nne ndipo akainua, nadhani kwa makusudi.

Kulikuwa na mengine madogo. Mlio unaousikia ukisubiri mtu apokee ulikuwa wa Kimarekani, mama akadhani amekosea namba. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua ya Uingereza, unachagua na mfumo wa BT, kampuni kubwa ya simu ya hapa, wa kuonyesha namba ya anayepiga. Kwa siku mbili pia tulisikia upande mmoja tu, tatizo lilikuwa kipengele cha ruta kinachoitwa SIP ALG, ukikizima linakwisha.

Bili ya kwanza kamili, ya Julai: intaneti pauni 26, namba pauni 1.50, simu pauni 9.12. Jumla pauni 36 na peni 62. Simu ni peni 1.2 kwa dakika kwenda simu za mezani za nchini, zinahesabiwa kwa sekunde, hakuna pesa ya kuunganisha, hakuna jioni wala wikiendi. Saa moja na dakika arobaini na Cardiff inatoka pauni 1.20. Pauni 9.12 ni dakika 760, yaani mama anaongea zaidi kuliko zamani na tunalipa pungufu. Ukijumlisha kisanduku, adapta, kuhamisha namba na zile 50 zilizoyeyuka, niligharamika pauni 112, zimerudi kwa miezi minne na kidogo. Intaneti nayo imekuwa na kasi ya Mb 150 kwa sekunde badala ya 36 tuliyokuwa nayo, lakini hilo waulize watoto, mimi sikuona tofauti.

Kasoro zake ni za kweli. Ule waya wa shaba ulikuwa unabeba umeme wake kutoka kwa kampuni ya simu, taa zikizimika simu inaendelea. Hii ya sasa, umeme ukikatika, vinazimika vyote vitatu: kisanduku cha faiba, ruta na HT801. Nimeweka betri ndogo inayovishikilia saa kama mbili. Pia lazima uandikishe anwani ya nyumba kwa kampuni ya simu ili ukipiga 999, namba ya dharura, wajue uko wapi; ni dakika tano, usiahirishe. Na kama mzee wako anavaa kile kitufe cha kuitia msaada shingoni, usiguse kitu kabla hujazungumza na wanaokiendesha, vingi vilikuwa vinategemea laini ya zamani. Mwaka 2023 vilishindwa kufanya kazi kwa baadhi ya wazee waliohamishwa, hadi Desemba kampuni zikakubaliana na serikali kusimamisha kuwahamisha watu kwa lazima.

Simu za Tanga hazikupungua bei. Kupiga simu ya mkononi ya Tanzania kwa njia hii bado ni ghali, kaka yake mama akiwa na bando tunatumia WhatsApp kwenye simu ya mke wangu, akiwa hana tunasubiri awe nalo. Ni afadhali kuliko zile kadi za kukwaruza tulizokuwa tunanunua madukani, dakika mia zilizoandikwa, arobaini unazozipata.

Kama nyumbani kwako hakuna mama mkwe, usijisumbue na haya yote. Laini ya simu ya mkononi yenye dakika zisizo na kikomo inatosha, tupa ya mezani. Na kama kuna anayepokea Universal Credit au Pension Credit, yaani misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wastaafu, anzia kwenye bei za watu wa kipato kidogo, kampuni nyingi kubwa zinazo na hazizitangazi kwa sauti. Jirani yetu mmoja alikuwa na haki nayo muda mrefu bila kujua.

Nimempa HT801 nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya taa yake ya kijani inayowaka usiku kucha sebuleni, nimeibandika plasta.

Mama nimemweleza zaidi ya mara moja kwamba dakika 60 hazipo tena, aongee mpaka alale. Ananiitikia, "Haya baba, Mungu akubariki." Jumamosi iliyopita saa ya oveni ililia, nikamsikia sebuleni: "Mdogo wangu, kata nikupigie."