TAHADHARI: Bunduki ya "Keya wa 1914" inayouzwa Jinja si ya 1914

Ndugu zangu mnaokusanya vitu vya kijeshi vya zamani, nawatahadharisha kuhusu muuzaji mmoja wa Jinja anayesambaza picha za bunduki ya Lee-Enfield, akidai kwamba askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), batalioni ya nne ya Uganda, aliibeba vitani Tanga mwaka 1914. Bei yake ni shilingi milioni 6, na hutaka utangulize pesa kwa simu kabla hujaiona. Babu yangu alikuwa Keya, hadithi ikanigusa, nikamtumia laki nane ambazo hadi leo hajazirudisha.

Nilipoishika, kilichonitia shaka kwanza ni umbo. Lee-Enfield za wakati ule, yaani Mk III, zina pua butu, kwa kuwa mbao na kifuniko chake cha chuma hufika karibu na ncha ya mtutu, na kilengeo cha nyuma hukaa juu ya mtutu wenyewe. Hii mtutu wake umechomoza mbele ya mbao, na kilengeo ni kitundu kilicho nyuma kabisa, karibu na jicho la mpigaji. Huo ni muundo wa No. 4, uliotengenezwa kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili.

Upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika shingo ya kitako, pamepigwa taji, herufi GR na mwaka 1914. GR ni George Rex, yaani Mfalme George, na George wa Tano wa Uingereza alitawala tangu 1910, kwa hiyo herufi zenyewe hazina kosa. Kosa ni kwamba zimepigwa juu ya chuma kilichokwanguliwa na kingo zake bado zinakwaruza kidole. Upande wa kushoto amepitisha msasa, lakini alichoka mapema, maana nilipouinamisha kwenye mwanga wa dirisha niliweza kusoma U.S. PROPERTY. Maneno hayo yalipigwa kwenye No. 4 zilizotengenezwa Marekani na kampuni ya Savage kwa ajili ya Waingereza, ambazo namba zake huwa na herufi C ndani yake, kama hii. Namba ya kwenye bolti, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, ni nyingine kabisa, hivyo bolti imetolewa kwenye bunduki tofauti.

Hadithi nayo ina walakini, kwa sababu kikosi kilichotua Tanga Novemba 1914 kililetwa kwa meli kutoka India, hakikuwa cha Keya wa Uganda.

Nilipomuuliza karatasi, alijibu kwamba bunduki "imekufa", yaani haiwezi tena kufyatua risasi, na haihitaji lolote. Hakuwa na hati hata moja ya kuthibitisha hivyo, na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti; polisi wakiikuta nyumbani kwako, wa kujieleza ni wewe, si yeye.

Juzi ameitangaza tena, na picha zote ni za upande wa kulia. Mwombeni ya kushoto.