Taa ya dagaa ya betri ya lithiamu: ndani dhahabu, nje bati

Nimeinunua kwenye duka la vifaa vya sola pale Mwanga, mjini Kigoma, shilingi laki moja na themanini pamoja na betri na chaja yake. Kampuni siitaji. Boksi lina picha ya samaki wa baharini ambaye Ziwa Tanganyika halijapata kumwona, na hilo tu lingetosha kunipa wasiwasi. Mimi ni mwalimu wa kemia. Mitumbwi niliachiwa na marehemu baba, inalala mwalo wa Katonga. Nasema mapema ili msomaji ajue kwamba kemia kidogo itakuwepo.

Nianze na sifa, maana zipo. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, taa inawaka tangu jioni mpaka alfajiri bila kupungua nguvu. Vidudu vya majini vinakusanyika chini ya mwanga, dagaa wanavifuata, wavu unapanda. Aliyewahi kuishi na karabai anajua taabu yake: upepo, pampu inayogoma, tone la mvua likidondoka kwenye kioo cha moto basi kioo hakuna. Na mafuta ya taa! Mafuta ya usiku mmoja yalikuwa yanakula faida ya ndoo nzima za dagaa kabla nahodha hajapata lake. Sasa nachaji nyumbani mchana, na umeme wa kuchaji hauonekani hata kwenye matumizi ya luku.

Betri imeandikwa Ah 12, yaani ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Nilimpelekea fundi aipime, akapata 10 na ushee. Nikakunja uso, yeye akacheka: "Mwalimu, hii ni ya uaminifu. Nyingine wanaleta hapa ni nusu ya maandishi." Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, niliiweka kabatini ikiwa na chaji ya katikati. Lilipofunguliwa iliamka kama ilivyolala. Jirani yangu aliyekuwa anatumia betri ya gari, ile ya asidi, ilibidi anunue nyingine.

Sasa, sifa hizo ni za nani? Si za aliyepiga chapa kwenye boksi. Mwanga mweupe wa taa hii ni mwanga wa bluu uliofunikwa kwa unga wa njano, na bluu yenyewe inatoka kwenye fuwele ya galiamu nitridi. Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano walihangaika na fuwele hiyo Chuo Kikuu cha Nagoya, chuo cha umma cha Japani, wakaipata safi katikati ya miaka ya 1980. Serikali yao, kupitia shirika lake la kuendeleza utafiti, ikatoa fedha ili kiwanda cha Toyoda Gosei kiigeuze kuwa bidhaa. Shuji Nakamura, aliyetoa bluu kali mwaka 1993, alikuwa kampuni binafsi ya Nichia. Naye tumpe haki yake. Wote watatu walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Betri nayo ni ya lithiamu, chuma na fosfati. Aina hiyo ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, ikachapishwa mwaka 1997. Malighafi yake si ghali na haishiki moto kirahisi, lakini ilikuwa na kasoro kubwa: umeme ulipita ndani yake kwa shida. Dawa ilikuwa kuzifanya chembe zake ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya meta, na kuzipaka kaboni. Kazi ya kaboni ilifanywa na Chuo Kikuu cha Montréal pamoja na Hydro-Québec, shirika la umeme linalomilikiwa na serikali ya jimbo la Quebec, Canada. Kwa hiyo mlipakodi wa Quebec amechangia dagaa wa Katonga, na hajui.

Lawama sasa. Mapezi ya alumini mgongoni mwa taa, yale ya kupoza joto, yameota unga mweupe. Raba ya pale waya unapoingilia imekakamaa, na kioo kinashika ukungu kwa ndani. Boksi linajisifu kwa IP67, yaani taa ilizamishwa kwenye maji hadi meta moja kwa nusu saa, haikuingiza maji. Hayo ni maji ya maabara. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, yaani yameegemea upande wa alkali, au besi (7 ndiyo katikati). Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, lakini utando huo hauvumilii alkali. Hata wanafunzi wangu wanajua kwamba alumini inaliwa na asidi na inaliwa na besi. Juu ya hapo, skrubu ni za chuma cha pua zilizokazwa moja kwa moja kwenye alumini, na maji yakiingia katikati, tayari hiyo ni betri nyingine inayokula alumini, ambayo sikuilipia. Karatasi ya waranti inasema haihusu uharibifu unaotokana na maji. Taa ya uvuvi.

Hapa ndipo ninapokasirika, na hasira yangu haiishii dukani. Umoja wa Ulaya ulitenga zaidi ya euro bilioni 3.4 kati ya 2007 na 2013 kwa ajili ya utafiti wa nano, malighafi mpya na njia za uzalishaji. Hatuna ubavu huo, na hakuna anayetaka tuivumbue upya galiamu nitridi hapa Katonga. Lakini kujua ni rangi gani au raba gani inahimili maji ya ziwa hili kunahitaji vipande vya alumini, kamba, kalenda na mtu wa kuvipima. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Kigoma, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 ili kusimamia mambo kama haya. Nchi za Afrika ziliandika kwenye Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kwamba zitatenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia, na sisi hatujafika. Uwezo tunao: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji la nano, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Chujio lake unaweza kulirekebisha kufuatana na uchafu wa maji ya mahali ulipo. Ndiyo akili ninayoitaka kwenye taa.

Ushauri wa kununua: inunue. Kabla haijagusa ziwa, fungua skrubu, weka vishikizo vya plastiki kati ya chuma na alumini, paka silikoni pale waya unapoingilia, na mapezi yapigwe rangi nyembamba ya mafuta. Nene itazuia joto kutoka. Suuza kwa maji ya bomba kila asubuhi. Na mwambie muuzaji aipime betri mbele yako kabla hujalipa. Akikataa, maduka ya sola Mwanga ni mengi.