Silensa ya kuazima Maweni: Ami nampa nyota nne

Wenye Subaru hapa Malindi, kama gari lako limebadilishwa ekzosi, springi au taa na sasa linatakiwa ukaguzi, usianze kuzunguka Mombasa nzima kutafuta vitu vya kampuni, yaani vile vya kiwandani. Nenda Maweni kwa mzee tunayemwita Ami. Mbele ana duka la spea la kawaida, filta na oili na mikanda. Nyuma ana stoo, na kilichomo humo hakiuzwi hata ukimwekea pesa mezani. Kinaazimwa tu.

Mimi kilichonipeleka ni rangi. Forester yangu, SG5 ya 2006 iliyoingia nchini 2013, ilikuwa ya fedha nikaipaka buluu. Rangi ikibadilika logibuku nayo ibadilishwe, na logibuku haibadilishwi mpaka gari likaguliwe. Rangi yenyewe haikunitia wasiwasi, kazi ilikuwa safi. Wasiwasi ulikuwa nyuma, kwenye silensa ambayo mdomo wake unaingia ngumi ya mtu mzima. Sheria ya Trafiki inataka gari liwe na silensa ya kupunguza kelele. Yangu inaziongeza, nami ndivyo niipendavyo.

Wala sikuifunga mimi, gari lilitoka nayo Japani. Huko ukaguzi wao, shaken, si mchezo: gari dogo jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila miaka 2, na chini ya gari lazima ibaki nafasi ya sentimita 9 juu ya ardhi. Kwa hivyo wapenzi wa magari wa huko nao huazimana vitu vya kampuni, wakapita, wakarudishia vyao. Basi gari likipelekwa mnada, mara nyingi linasafiri na silensa ya fujo, ile ya kampuni imebaki kwenye stoo ya mtu. Na chache zilizofika Pwani, hewa ya chumvi imezila. Hiyo ndiyo sababu silensa nzima ya SG5 mji huu utaitafuta mpaka uchoke.

Ami anayo. Stoo yake ina boriti za mkoko, na silensa zinaning'inia humo kwa waya, kila moja imebandikwa plasta yenye maandishi ya kalamu nene: SG5, SF5 (Forester ya kabla ya yangu), GDA (Impreza), mpaka ya Probox (ya nini Probox, sijui, lakini ipo). Springi ziko kwenye magunia ya mchele. Taa zimefungwa kwa leso kuukuu zisikwaruzike. Nyingi si mali yake; ni za wenye magari wenyewe, walizozitoa wakaziweka kwake ili wengine wazitumie. Aliyeweka kitu huazima bure. Asiyeweka hulipa shilingi 1,000, na wote huacha 5,000 za dhamana. Anaandika kwenye daftari namba ya gari, kitu ulichochukua, na kila kibonyeo kilichopo, kisha unatia sahihi. Mimi nilimwachia taa zangu za mbele za kampuni, kwa hivyo elfu moja ilinipona.

Wapo watakaosema huu ni udanganyifu. Kwa silensa, mimi naona ni kama kumwazima mtu kanzu ya kwenda kwa kadhi: akitoka pale atavaa jinzi zake, na hakuna aliyedhurika ila masikio ya majirani. Lakini tairi na breki ni jambo jingine, na hapo ndipo nilipomvulia Ami kofia. Nikiwa pale aliingia kijana mwenye Impreza, akapeana naye mkono vizuri kabisa.

"Ami, shikamoo. Niazime tairi nne nipitie ukaguzi. Zangu zimekuwa kipara."

"Marahaba. Silensa nakupa, mwanangu. Tairi kanunue."

"Ni za siku moja tu, Ami."

"Na siku ya pili utapandia nini?"

Kijana akacheka, Ami hakucheka. Chochote kinachosimamisha gari au kuliongoza hakiazimi: tairi, pedi, diski, mikono ya usukani, hakuna. Springi anatoa, ila anafunga fundi wake mwenyewe, na zako zikiwa zimekatwa kwa grinda harudishii. Utaondoka na gari lako juu au utafute fundi mwingine.

Ukaguzi wenyewe hauna hadithi. Inspekta alisoma namba ya chasisi na ya injini, akatikisa magurudumu, akaangalia breki na taa, nyuma akapita bila neno.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya raba. Silensa ya SG5 inaning'inia kwa raba, na nilizopewa zilikuwa za zamani, zimekauka, zina nyufa unazoziona kwa macho. Kufika Mtwapa, njia ya Mombasa, kila tuta nasikia *ko! ko!* chini ya buti. Nikaingia kituo cha mafuta, nikalala chini na nguo za safari, nikafunga kwa waya huku wahudumu wanatoa ushauri ambao sikuwaomba. Gasketi pia hatoi, na ya zamani ukiirudishia itavuja, gari likohoe kama lina pumu. Mtu mwenye mpango mzuri hivi angeweka boksi la raba mpya akaziuza pale pale. Nimemwambia. Amesema "inshallah", na tuliokulia hapa tunaijua inshallah ya namna hiyo.

Niliporudisha nilitaka kuinunua kabisa niiweke nyumbani. Akanifungulia daftari: chini ya jina langu kuna Forester mbili za Watamu zinaingoja, na moja ya Kilifi. Kwa hivyo wa SG5 jiandikisheni mapema kabla ya kuchukua tarehe ya ukaguzi, wa SF5 mna nafasi. Nendeni na raba zenu na gasketi mpya. Spana ya 14 anayo. Ijumaa anafunga kabla ya adhuhuri na hafungui tena, na matope yafuteni kabla ya kurudisha, maana dhamana anaikata kweli.