Wagyu ya Kununua: Namba Kwanza, Mafuta Baadaye

Nilipigwa. Nasema mapema ili msidhani naandika haya kwa utaalamu. Nilinunua steki mbili zilizoandikwa "Wagyu A5", yaani nyama ya ng'ombe wa asili ya Japani wenye mafuta mengi, ya daraja la juu kabisa, nikazibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai, nikazikaanga kwa chumvi tupu ili nisiharibu ladha. Zilikuwa tamu, sikatai. Kesho yake, nikiwa natupa pakiti, ndipo nikaona maandishi madogo kama sisimizi chini ya lebo: "mtindo wa Wagyu". Nikampigia muuzaji. Akanijibu bila aibu kwamba A5 ni jina la kifurushi chao cha juu. Kifurushi! Kama vile nilikuwa nanunua bando la intaneti.

Kwa hiyo humu hamtakuta habari za ulaini wala joto la kikaango. Hata ile michirizi myeupe ya mafuta ambayo kila mtu huwaambia muikodolee macho, mimi siiamini tena. Mafuta yanaweza kudungwa kwa sindano. Mwaka 2013, huko huko Japani, hoteli kubwa zilikiri kwamba menyu zao zilidanganya, na miongoni mwa yaliyofichuka ni nyama iliyodungwa mafuta ikaitwa steki.

Ninachoangalia mimi ni kitu kimoja: namba ya ng'ombe imefika mpaka kwenye kipande changu, au imeishia njiani?

Kila ng'ombe wa Japani ana namba ya tarakimu 10 iliyobanwa sikioni. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulionekana nchini humo mwaka 2001, serikali ikaanza kununua nyama ya ng'ombe wa nchini iliyokosa soko, na mwaka 2002 kampuni ya Snow Brand Foods ikabainika kuwa imebandika lebo za Kijapani kwenye nyama ya Australia ili ipate fedha hizo. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria: namba iandamane na nyama hadi dukani, na hadi kwenye migahawa inayouza steki. Ukiiandika kwenye tovuti ya kituo chao cha taifa cha ufugaji, unaletewa tarehe ya kuzaliwa, jinsia, aina ya ng'ombe, alikofugwa na siku aliyochinjwa. Kuna watu hawana kumbukumbu kamili namna hiyo.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inaishia mpakani. Nyama ikitoka nje ya Japani, namba inasafiri juu ya katoni. Kisha mtu anafungua katoni, anakata vipande, anaviweka kwenye trei, anachapa lebo yake mwenyewe yenye neno Wagyu kwa rangi ya dhahabu. Katoni inakwenda jalalani na namba yake. Mnyororo wote uliolindwa tangu ndama anazaliwa unakatwa na kisu cha mwisho kabisa, hatua chache kutoka kwenye kapu lako.

Na hata ukipewa namba, usishangilie. Ng'ombe wa maziwa wa Japani naye anayo. Soma mstari wa aina ya ng'ombe. Halafu tazama siku ya kuchinjwa: kama ni miaka mitatu iliyopita na muuzaji anakuapia kuwa mzigo umeingia wiki hii, huyo anatumia namba moja kuuzia mizoga kumi.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Kobe, Wagyu yenye jina kubwa huko Japani, na sifichi kwamba naipendelea. Wapenzi wa Matsusaka, mpinzani wake wa huko huko Japani, watanuna, wanune tu. Siipendi Kobe kwa ladha. Naipenda kwa sababu wenyewe wameifanya iwe ngumu kuigiza. Lazima ng'ombe awe wa ukoo wa Tajima, azaliwe, afugwe na achinjwe mkoa wa Hyogo, awe mtamba au maksai, na mafuta yake yafike alama 6 au zaidi kwenye kipimo cha 12. Akifaulu, mzoga hupigwa muhuri wa ua la krisanthemu na kupewa cheti chenye zile tarakimu 10. Chama chao huorodhesha hadharani migahawa na maduka yenye kibali. Kama duka halimo, mazungumzo yameisha. Na kumbuka, Kobe haikuuzwa nje ya Japani hadi mwaka 2012, ilipoanza kupelekwa Macau. Watu waliokuwa wakijisifu miaka ya nyuma kwamba wamekula baga ya Kobe huko Marekani walikula jina.

Ya pili ni Wagyu nyingine yoyote ya Japani yenye namba. Hapa niwape siri ndogo kuhusu A5. Ile A haikuhusu wewe mlaji. Inaeleza mzoga umetoa nyama kiasi gani, ni habari ya mchinjaji. Ubora uko kwenye 5. Na hiyo 5 inabeba alama za mafuta kuanzia 8 hadi 12, kwa hiyo A5 mbili zinaweza kupishana vibaya sana huku zikiuzwa bei moja. Uliza alama, usiulize herufi. Muuzaji asiyejua alama ya nyama anayoiuza kwa bei ya pete ya ndoa, mimi namuaga.

Ya tatu, Wagyu ya Australia au Marekani. Nyingi ni chotara, na uchotara si dhambi. Nyingine ni nzuri kuliko zile za Japani zilizokaa sana kwenye friza. Lakini lebo inasema Wagyu tu, iwe ng'ombe ana nusu ya damu hiyo, iwe amefika kizazi cha nne chenye asilimia 93.75, iwe ni asilimia 100. Bei nayo, ajabu, huwa ya asilimia 100 siku zote. Dai asilimia kwa maandishi. Na ukiona "A5 ya Australia", cheka, rudisha. Daraja hilo hutolewa Japani tu. Australia wana kipimo chao.

Ya nne ni Angus, ambayo si Wagyu bali ni aina nyingine ya ng'ombe wa nyama. Alama ya Marekani ya Certified Angus Beef, iliyoanza mwaka 1978, huanzia kwenye ngozi: mnyama awe mweusi walau asilimia 51. Rangi, si damu. Baada ya hapo nyama yenyewe hukaguliwa kwa vigezo kumi, basi siidharau, ila usiambiwe umenunua ukoo.

Za bei nafuu, yaani baga "za Wagyu", soseji na chochote cha kusaga, sina maneno. Hata sheria ya Japani haiilazimishi nyama ya kusaga kubeba namba. Ulaya mwaka 2013 watu walikuwa wakila farasi wakidhani ni ng'ombe, na si ulimi wa mtu uliogundua. Ni vipimo vya DNA vilivyofanywa Ireland.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi muuzaji anavyokutazama ukiuliza. Ukiulizia simu iliyotumika ilikotoka, wewe ni mjanja. Ukiulizia nyama inayouzwa kwa gramu, wewe ni mshamba usiyejua vitu vya watu wakubwa. Wiki iliyopita nilimwomba mwingine anitumie picha ya katoni tu, upande wenye namba, nilipe papo hapo. Akaniambia hiyo ni siri ya biashara. Nikamwachia siri yake, na nyama yake juu.