Trela haina kosa, ila aliyeifunga hakuitazama mashua yangu

Si kawaida yangu kuandika maoni marefu kuhusu kitu nilichonunua. Haya nayaandika nikiwa nimetoka kulala chali chini ya mashua yangu, tochi mkononi, na hasira bado hazijaniisha. Natoa nyota moja. Usinunue trela ya mashua pale niliponunua mimi kama hujajiandaa kuifunga mwenyewe.

Urefu wake, uzito inaobeba na aina ya matairi mtavikuta kwenye karatasi zao. Mimi nataka kuzungumzia bonyeo.

Liko ubavu wa kushoto, chini, karibu na katikati ya mashua. Ukubwa wake ni kama kiganja kilichokunjuliwa. Ukisimama na kutazama tu, hulioni. Inabidi ulaze tochi pembeni, mwanga utambae juu ya fibaglasi, ndipo unaona kivuli kimezama na nyufa nyembamba kama nywele zimetoka katikati yake kwenda kila upande. Nilipitisha kiganja taratibu. Kiganja kikashuka, kikapanda. Nikahamia ubavu wa kulia, mahali pale pale, nikakuta jingine, dogo kidogo. Na kila bonyeo lilikuwa limekalia rola ya trela.

Mashua hii mimi na kaka yangu tuliifufua. Tuliipata ikiwa imepinduliwa, rangi imebabuka, bamba la katikati limeganda ndani ya kisanduku chake. Tuliipiga msasa kwa mikono karibu miaka miwili, jioni baada ya kazi. Ubavu ule naujua kwa vidole. Sasa fikirini nilivyojisikia.

Trela niliinunua muda si mrefu, mpya kabisa. Pamoja nayo waliniuzia huduma yao ya kuirekebisha, na kwenye risiti wameandika kwa maneno yao: kurekebisha kulingana na chombo. Nililipia hayo maneno. Nikaipeleka mashua hadi kwao juu ya trela ya kuazima ili waione kwa macho, wapime, wafunge.

Fundi alikuwa mwepesi wa mikono, hilo sitalikataa. Aliipandisha mashua, akazungusha winchi hadi omo, yaani pua ya mashua, ikagusa kizuizi, akarusha mkanda mmoja katikati na kuukaza mpaka nikasikia fibaglasi inalia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa. Kati ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, na rola ya katikati niliona mwanga unapita. Mkuku ulikuwa unaning'inia! Uzito wote wa mashua ulikuwa umebebwa na zile rola za pembeni, mbili kila upande.

Nikamwambia, "Kaka, samahani, mbona mkuku haujagusa kitu?"

Hakuinama. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: hakuinama kutazama. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Akasema, "Dada, trela ni trela. Mashua imekaa, haianguki. Mambo ya chuma tuachie sisi, wewe kashughulike na matanga yako."

Wenzake wawili wakacheka. Nami nikanyamaza, nikalipa, nikaondoka. Injini ya gari langu ilikuwa haijapoa tangu nilipofika, na kazi ya "kurekebisha" ilikuwa imekwisha.

Kwa ambaye hajawahi kumiliki chombo cha namna hii, nieleze kwa nini mwanga ule chini ya mkuku si jambo dogo. Mashua ikiwa majini inabebwa na maji kila mahali, tumbo lote, hakuna sehemu inayoonewa. Ukiitoa majini lazima uzito ule uupeleke mahali penye nguvu, na mahali penye nguvu kuliko pote ni mkuku. Mkuku ndio unaopaswa kulala juu ya trela. Vya pembeni, viwe rola au mbao zilizofunikwa zulia, kazi yake ni kuishika tu isilale upande, kama mtu anayemshika mgonjwa begani ilhali mgonjwa anasimama kwa miguu yake. Ubavu wa fibaglasi ni mwembamba. Rola nayo hugusa kipande kisichozidi upana wa vidole viwili. Mashua ikisimama tu, kipande hicho tayari kinaumia. Ikipita kwenye mashimo, kila mruko unaongeza uzito mara kadhaa pale pale. Ongeza mkanda uliokazwa kwa nguvu kutoka juu, unaoivuta mashua izidi kuzikalia zile rola. Bonyeo lilikuwa halina pa kukwepea.

Safari ya kwanza nilihisi jambo jingine. Nilipofika kama kilomita 80 kwa saa, trela ikaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, usukani ukachezacheza mkononi. Nikadhani ni upepo. Nikapunguza mwendo, ikatulia. Sikujua kwamba chanzo ni kile kile kilichokuwa kinaumiza ubavu.

Nilipoyaona mabonyeo nilirudi kwao nikiwa mtulivu, naapa. Nilikuwa na picha. Yule yule akaja, safari hii akainama, akabonyeza lile la kushoto kwa dole gumba. Likaingia ndani na kutoka, tek, tek, kama mfuniko wa debe. Mbele ya macho yangu alilibonyeza mara tatu! Kisha akasema, "Hapa palikuwa hivi tangu zamani, dada. Au uliacha maji ya mvua ndani." Kizibo cha kutolea maji nilikuwa nimekitoa, na mashua ilifunikwa turubai. Namjua adui huyo: lita 100 za maji ni kilo 100, siachi maji ndani. Nilimwambia hivyo. Akasema ataongea na mkubwa wake. Mpaka leo.

Basi tukaifunga upya wenyewe, mimi na kaka yangu, na hapo ndipo nilipoelewa alichokifanya, au tuseme alichokiacha.

Kwanza tuliitoa mashua kwenye trela bila kuinyanyua yote. Jeki chini ya tezi, yaani nyuma ya mashua, juu yake gogo na magunia, unainua kidogo, unaweka vitalu chini ya mkuku, unahamia mbele, unaisogeza trela. Pole pole mpaka mashua ikabaki imekalia vitalu na trela ikatoka tupu. Kisha nikaingia ndani ya mashua na kugonga sakafu na kuta kwa kifundo cha kidole. Penye uwazi sauti ni nzito na tupu. Penye ukuta wa ndani au taruma (mbavu za mashua), sauti inakuwa kavu na fupi. Nikaweka alama kwa chaki, ndani, halafu nikazihamishia nje kwa kupima. Rola za yule bwana zilikuwa zimeangukia katikati kabisa ya uwazi. Laiti zingekuwa nyuma kwa urefu wa mkono tu, zingekuta ukuta.

Halafu kaka akaleta mizani, ile ya nyumbani ya kupimia uzito wa mwili. Kabla hatujaishusha mashua tulikuwa tumeuweka mkono wa trela, ule unaoshikana na gari, juu ya mizani, trela ikiwa imenyooka sawa na inavyokaa kwenye gari. Kilo 9. Trela na mashua kwa pamoja ni kama kilo 420, kwa hiyo gari lilikuwa linabeba kama asilimia 2 tu. Inatakiwa angalau asilimia 5, na wengi huenda hadi 10. Mkono ukiwa mwepesi hivyo, nyuma ndiko kuzito, na mkia lazima utikisike. Ule haukuwa upepo.

Tukakaa chini kutazama. Nguzo ya winchi, ile yenye kizuizi cha omo, ilikuwa imefungwa kwenye matundu ya kiwandani. Yaani hakuisogeza! Fremu ina nafasi ndefu ya kuisogeza mbele, boliti zake ni za kukumbatia, unalegeza nati nne tu. Kwa kuwa nguzo ilikuwa nyuma mno, mashua nzima ilikaa nyuma mno. Ndiyo maana mkono ulikuwa mwepesi. Ndiyo maana rola zikakuta uwazi. Ndiyo maana tezi ilikuwa inaning'inia nje ya trela shubiri mbili nzima bila kushikwa na kitu, na tezi ikining'inia kwa muda mrefu, sehemu ya chini hujipinda na haitelezi tena vizuri majini. Makosa yote hayo yametokana na nati nne ambazo mtu hakutaka kuzilegeza.

Tuliisogeza nguzo mbele karibu sentimita 30. Rola za mkuku tukazipandisha na kuzipanga kwa uzi uliovutwa kutoka mbele hadi nyuma, kwa sababu rola moja ikizidi urefu inabeba peke yake. Rola za pembeni nikazitupa. Mahali pake tukaweka mbao mbili ndefu zilizolala kwa upana, maana ubao uliolala hujikunja kidogo ukafuata umbo la ubavu, nazo zikafika hadi kwenye tezi. Umbo tulilichukua kwa kadibodi, tukakata mpaka ikaketi sawasawa kwenye ubavu pale penye alama za chaki. Juu ya mbao ni zulia la nailoni, na misumari ya chuma kisichoshika kutu tumeipiga kwenye kingo za chini ili isikwaruze.

Halafu mashua ikarudi. Ikakalia mkuku kwanza, mbao zikiwa bado chini. Ndipo tukazipandisha pole pole kwa spana, kaka upande wake mimi upande wangu, mpaka karatasi ikapita kati ya ubao na ubavu kwa kukwaruza. Basi, hapo hapo tukaacha. Nilishika ukingo nikaisukuma, haikuyumba. Nikapiga tochi chini ya mkuku: giza tupu. Nilikaa pale chini nikalitazama lile giza kwa muda.

Mizani ikasoma kilo 34. Asilimia 8.

Sasa niseme haki. Baada ya hapo nimeivuta trela safari tatu, moja ndefu, na sina la kulalamika. Mkia umetulia kabisa. Ukifika na kugusa kitovu cha gurudumu, ni vuguvugu tu (nami bado nasubiri kipoe kabla ya kukitumbukiza majini, maana beringi yenye moto ikiingia maji ya baridi huyavuta ndani). Baada ya safari ya kwanza nilikaza nati zote upya na chache sana zilikuwa zimelegea. Fremu imechovywa zinki vizuri hadi kwenye pembe za ndani ambako wengi hudanganya. Aliyeichora trela hii alifikiria mashua. Aliacha nafasi za kusogeza kila kitu, kama vile anakuomba, tafadhali, ipime. Kwa hiyo ile nyota moja niliyotoa juu, kwa trela yenyewe si haki. Trela ni nyota nne. Hata rafiki yangu anayetafuta nimemwambia aichukue, aifunge nyumbani.

Lakini ndilo hilo linalonipandisha hasira upya. Kama ingekuwa trela mbovu, ningesema nilinunua kibovu, yamekwisha. Hii ni nzuri. Kila kilichohitajika kilikuwa pale mbele yake, na spana ilikuwa mkononi mwake. Saa mbili za kazi alizonilipisha zingetosha kabisa. Aliona mwanamke amechuchumaa anauliza kuhusu mkuku, akaona ni kichekesho. Ningekuwa na ndevu angeinama? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na kila nikijiuliza narudi kwenye nyota moja. Iacheni moja.

Wao nimewaandikia tena. Sikudai trela mpya, nimedai pesa ya ile huduma na gharama ya kutengeneza ubavu. Hawajajibu.

Ubavu tumeutengeneza kadiri tulivyoweza. Ilibidi tukate tundu kwenye sakafu niliyoipaka rangi kwa mkono wangu ili tufikie bonyeo kwa ndani, tukalisukuma litoke, tukalishikilia kwa ubao kutoka nje, tukasaga, tukalaza matabaka ya kitambaa cha fibaglasi na epoksi. Nje nimejaza nyufa na kupiga msasa mpaka tochi haioni kitu.

Jana jioni niligonga tena kwa kifundo cha kidole. Shubiri moja mbele ya kiraka, sauti kavu, fupi. Juu ya kiraka chenyewe ilikuja nzito zaidi, ikachelewa kidogo. Kaka anasema haisikii tofauti hiyo. Mimi naisikia.